Kujifunza kupiga picha Mwanza: darasa la kulipia au grupu la simu? Nimekaa kote, haya ndo maoni yangu

Hili swali naulizwa sana na vijana wanaonikuta na kamera Capri Point au pale kwenye Jiwe la Bismarck, eti kaka nianzie wapi, nikalipie kile kidarasa cha mjini au nibaki tu grupuni maana ni bure. Mi nimepita kote kuwili kwa hiyo naandika hapa mara moja, mtu akiuliza tena namtumia hii asome mwenyewe. Majina siweki, la darasa wala la grupu, sababu kuna vitu nitavisema havipendezi na huu mji wetu mdogo, kesho tunakutana kwenye harusi ya mtu huko Buzuruga tunaangaliana tu.

Kwa mvivu wa kusoma jibu ni hili: anza na grupu, kaa humo mpaka uwe na maswali ambayo simu imeshindwa kukujibu, ndo ukalipie darasa, na kama watakukubalia lipia ile sehemu ya flashi tu. Wengi wanafanya kinyume, wanalipa kwanza halafu wanaanza kuelewa darasa lilikuwa linafundisha nini miezi kadhaa baadaye, hela ilishaenda.

Nianze na darasa maana ndo lenye hela.

Ni chumba ghorofani katikati ya mji, ada laki tatu na nusu, unaweza kulipa kwa awamu mbili, jioni za katikati ya wiki nadharia na Jumamosi vitendo. Kwenye karatasi inasomeka vizuri. Kiukweli nadharia yao inachosha aisee. Unakalishwa unaambiwa historia ya kamera, unakariri namba za apecha (lile tundu la lenzi linalopitisha mwanga), 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, 22, kama mtoto anakariri jedwali la kuzidisha, na hakuna anayekwambia kwamba kila ukiruka namba moja kwenda juu unakata mwanga nusu, na kwamba hicho ndo kitu pekee cha maana kwenye huo mlolongo mzima. Umeme ukikatika projekta inazima na somo linaishia hapo, ticha anaanza hadithi za harusi alizopiga zamani. Kamera za darasa zilikuwa mbili na sisi tulikuwa wengi, asiye na kamera yake anasubiri zamu, akiishika anapiga picha ya dirisha, anampa mwenzake. Ukijumlisha dakika ambazo mtu wa hivyo ameshika kamera kweli kwenye kozi nzima utasikitika.

Cheti wanatoa, kizuri, kina muhuri. Mpaka leo sijaona bibi harusi aliyekiulizia.

Ila sasa subiri, maana hapa ndo watu wa grupuni wananikasirikia. Jumamosi za vitendo za hilo darasa zina kitu ambacho sijakipata kwenye simu mpaka leo. Kulikuwa na dada mmoja tunasoma naye, picha zake zote zinatoka na ukungu kidogo, sio ukungu wa fokasi, ule wa mkono kutikisika. Alikuwa ameshauliza mtandaoni kote, wakamwambia ongeza shata (kasi ya pazia la kamera kufunguka na kufunga), ongeza ISO (wepesi wa kamera kuuona mwanga), badili lenzi, mmoja akamwambia auze kamera. Ticha alimwangalia akipiga picha moja tu. Akamsogelea, akamwambia samahani mwanangu, akamsukuma kiwiko cha kushoto kikagusa mbavu, akamgeuza kiganja kiende chini ya lenzi badala ya kuishika kwa pembeni, akamwambia pumua nje ndo ubonyeze, na usikibonyeze kama kengele ya mlango, kikandamize taratibu. Basi, tatizo limeisha. Hakuna mtu wa grupuni angeweza kuona hilo sababu grupu linaona picha, halimwoni mpigaji. Grupu linasahihisha kitu ambacho ushakipiga tayari, darasa siku likiamka vizuri linakusahihisha wewe kabla hujabonyeza.

Na somo la flashi. Hili ndo lililorudisha hela yangu. Tulipelekwa ukumbini mchana kabla ya sherehe, wapambaji ndo wanamalizia, vitambaa vya zambarau kuanzia juu mpaka chini mnajua kumbi zetu zilivyo. Ticha akamweka kijana mmoja wa mapambo kwenye kiti cha bibi harusi, akaelekeza flashi juu kama tunavyosoma kila sehemu kwamba piga dari mwanga urudi laini. Picha ikatoka kijana ana uso wa zambarau kama biringanya. Akatuambia mnaona, mwanga unarudi na rangi ya kitu ulichokigonga, na kumbi nyingine dari lenyewe hamna, ni bati liko juu huko, mwanga unaenda haurudi. Akaigeuza flashi ikatazama ukuta mweupe wa nyuma yetu, uso ukarudi wa mtu. Kisha akapandisha shata makusudi mpaka 1/500, nusu ya picha ikatoka nyeusi, ndo tukaelewa kwa nini flashi ya kawaida inagoma kuzidi 1/200 au 1/250 kutegemea kamera, yaani pazia la shata linakuwa halijafunguka lote wakati flashi inawaka. Hili unaweza kulisoma mara mia na usilielewe, ukiliona mara moja mbele yako huwezi kulisahau.

Kwa hiyo darasa lina siku mbili tatu za dhahabu zilizofunikwa na wiki nyingi za kupiga miayo. Ndo ukweli wangu.

Tuje grupuni. Liko Telegram, lilianzia WhatsApp likahama kwa sababu ya maana kabisa, WhatsApp ukituma picha kawaida inaibana, mtu anakukosoa ukali wa picha kumbe anakosoa kazi ya WhatsApp. Kule sheria ni tuma kama faili, na uandike lenzi, apecha, shata, ISO na saa uliyopiga. Usipoandika hujibiwi. Watu wako kila kona, Bukoba, Musoma, Geita, Ukerewe, kuna wa Mombasa, wa Kigali, kuna kaka yuko Ujerumani anaamka usiku kukosoa picha za watu, sijui analala saa ngapi. Jumapili ndo siku ya kuchanwa. Unaweka picha moja, watu wanaichana mpaka ibaki mifupa.

Nitoe mfano mmoja maana bila mfano watu wanadhani huko ni kupeana dole tu. Kijana wa Musoma aliweka picha ya mama anaanika dagaa mwaloni, saa nne asubuhi hivi, jua kali. Kwa haraka ni picha nzuri, dagaa wametandazwa wanang'aa, mama ameinama na ufagio wake, ziwa nyuma. Wa kwanza kaandika "mdogo wangu ziwa lako limelala upande, maji yanamwagikia Kenya". Kweli upeo, ule mstari wa ziwa na anga, umeinama. Wa pili, dada mmoja wa Bukoba ambaye ndo kichwa cha lile grupu kwa maoni yangu, akaandika maelezo marefu ambayo nilikuja kuyahifadhi: kamera inapima mwanga ikidhani kila kilicho mbele yake kwa wastani ni cha kijivu, sasa wewe umeijazia fremu dagaa wa fedha waliolowa jua, imeona mweupo mwingi ikapunguza mwanga, dagaa wametoka kijivu cha majivu na uso wa mama umekuwa giza tupu, hatuoni jicho wala mdomo. Ngozi yetu ndo inayolipa deni la dagaa. Ongeza eksposha (mwanga unaoingia kwenye picha) kidogo hata stopu moja, yaani mwanga mara mbili, au pima mwanga usoni kwa mama halafu acha dagaa waungue kidogo, yaani wawe weupe kupita kiasi, nani anakuja kuhesabu dagaa kwenye picha. Wa tatu akaongeza kitu cha mtu anayeijua ile mialo, akasema pale kuna maboksi ya samaki yenye mifuniko myeupe, muombe mtu akushikie mmoja chini upande wa kivulini, mwanga unaruka unaingia usoni, reflekta ya bure hiyo.

Kijana akarudi wiki iliyofuata na picha ya mama yule yule. Anacheka, meno yanaonekana, na upeo umenyooka.

Darasani hiyo picha ingesifiwa. Nasema hivi kwa kuona, ticha ameshalipwa na anataka umlete mdogo wako muhula ujao, kwa hiyo kila picha ni "vizuri, vizuri, endelea". Grupuni hakuna anayekudai wala unayemdai, wanakupa ukweli mkavu. Wengine unawauma. Dada mmoja wa Nyegezi alitoka siku hiyo hiyo aliyoingia, hata salamu hajamaliza.

Kingine ambacho grupu linashinda ni kwamba liko na wewe kazini. Uko ukumbini, picha zinatoka na michirizi ya giza inayopita katikati kama mawimbi, unatuma moja kwa kujificha nyuma ya spika, kabla MC hajamaliza kuwaita wazazi ushajibiwa: umeme wetu ni wa hertz 50, taa nyingi za ukumbini zinapepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni kamera inaona, shuka uweke shata 1/50 au 1/100. Unashuka, michirizi imekwisha au imebaki kidogo sana. Za rangi za DJ ni kesi nyingine, hizo zina wazimu wake. Darasani nilikuwa nimeuliza hiyo hiyo michirizi nikaambiwa kamera imechoka, badilisha. Kamera ninayo mpaka leo.

Na kuna elimu ya hapa kwetu ambayo video za wazungu hazina. Wanakwambia subiri saa ya dhahabu, wewe unajua una saa nzima, unakaa unapanga watu mawe yale ya Capri Point, geuka kidogo, shika mkono, oya toeni huyo mtoto, ukija kustuka jua limeingia majini. Sisi tuko karibu na ikweta, jua linashuka karibu wima, ule mwanga mzuri wa mwisho jua likiwa chini kabisa haufiki hata nusu saa, na giza linakuja kwa haraka vile vile, huku kwao Ulaya linashuka kwa kulala lala ndo maana wana muda wa kunywa chai. Mzee mmoja wa grupuni kutoka Ukerewe alilieleza hili vizuri kuliko mtu yeyote. Yeye huyo huyo ndo aliniambia kuhusu taa za wavuvi wa dagaa. Nilikuwa nataka ile picha ya usiku, ziwa jeusi na taa zimejipanga kwa mbali kama mji mwingine, nikaulizia ISO na shata. Akanijibu ISO baadaye, kwanza angalia mwezi. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti dagaa, wengi wanapumzika, nenda usiku wa giza. Na nenda ziwa limetulia sababu ukiacha shata sekunde nane kumi na mtumbwi unachezeshwa na mawimbi, kila taa inakuwa mstari. Tafuta mwanga wa bluu uliobaki baada ya magharibi, wanatoka jioni, hapo utapata na milima kwa nyuma. Nionyeshe darasa lenye ukurasa huo kwenye notsi zake.

Sasa mabaya ya grupu, na yapo mengi, nisije nikaonekana nalipwa na admini.

Kwanza wana ugonjwa wa vyuma. Ukiuliza chochote unajibiwa nunua. Wanayoipenda zaidi ni ile lenzi ya 50 ya f/1.8, ile ya bei ya chini, ukiingia tu unaambiwa inunue kabla hata hujasema unapiga nini. Ni lenzi nzuri sana sikatai, kwa sura ya mtu nje haina mpinzani kwa bei yake, lakini wengi wetu huku tuna Canon za sensa ndogo (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga), hiyo 50 inaona kama 80, yaani inabana eneo dogo zaidi, halafu unaitwa kupiga familia sebuleni Igoma, sebule yenyewe makochi na kabati na friji, unarudi nyuma mpaka umegonga mlango na bibi bado amekatwa sikio. Ticha wa darasani ndo aliyenishauri vizuri hapa, aliniambia baki kwanza na ile lenzi ya 18-55 iliyokuja na kamera, itakulisha sebuleni na ukumbini, 50 utainunua kwa faida. Hapo nampa maksi zake zote.

Pili mpangilio hamna. Leo mnaongelea histogramu (ile grafu ya mwanga wa picha), kesho mtu anauza tripodi, keshokutwa kuna ugomvi wa Simba na Yanga mpaka admini afunge grupu. Mtu mpya kabisa asiyejua hata kitufe cha kuwashia anapotea humo, anaokota maneno makubwa makubwa. Nimeona kijana anaongea habari za RAW (faili ghafi la kamera) na kuediti Lightroom (programu ya kurekebisha picha) na hajui kwamba kamera yake iko kwenye oto, inajipangia kila kitu yenyewe. Darasa hata liwe bovu linakupitisha toka moja mpaka kumi kwa mfuatano.

Tatu voisi noti. Jamani. Mtu anakukosoa kwa sauti dakika saba, nyuma kuku na bodaboda. Andika ndugu yangu.

Nne matapeli wa vifaa, na hapa mkae macho kweli. Wanaingia wanajifanya wanafunzi, wanakaa kimya, halafu mtu anakutumia pembeni kamera ya bei rahisi mno eti iko mpakani Sirari, tuma nusu. Usitume. Kaulizie hapa hapa mjini, ishike, piga picha ukutani uone kama kuna madoa, ndo utoe hela.

Kuhusu ule mjadala wa milele wa cheti au kipaji, grupuni unakuja kila baada ya muda na kila mara kuna mtu lazima amtaje yule mpiga picha wa habari Mohamed Amin, kwamba alianzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, Dar es Salaam mwaka 1963 bado kijana mdogo wa miaka 20 hivi, na ni huyo huyo aliyekuja kuionyesha dunia njaa ya Ethiopia mwaka 1984. Sawa, ni kweli. Ila anayemtaja mara nyingi ni mtu ambaye hajatoka nje na kamera yake mwezi mzima, Amin alikuwa anaishi kazini.

Gharama sasa. Wanasema grupu ni bure, si bure, mafaili makubwa yanakula bando vibaya mno, zima ile ya kupakua yenyewe la sivyo utaamka asubuhi huna kitu. Hata hivyo kwa mwaka mzima bando langu la ziada halijagusa nusu ya ada ya darasa. Darasani ongeza nauli, ongeza chai, ongeza Jumamosi ambazo ungekuwa umepiga sendofu ya mtu ukalipwa.

Maksi zangu: grupu nyota nne, ile moja imekwenda na voisi noti na matapeli. Darasa tatu, na hizo tatu karibu zote ni za Jumamosi, nadharia peke yake ningeipa moja na nusu. Wakipunguza wiki za kukariri wakaongeza siku za ukumbini, na wakatafuta kamera nyingine hata mbili za mtumba, nitakuja hapa nibadilishe bila aibu.

Kama uko chuo kikuu cha SAUT hapa Mwanza unasoma habari au uko chuo chochote chenye kamera za kuazima, hayo ya darasa la mtaani usiyawaze, azima kamera, ingia grupuni, na umtafute mpiga harusi mmoja umbebee begi wikiendi. Kubeba begi watu wanaona aibu lakini unasimama ubavuni kwa mtu anayefanya kazi kweli, unamwona anaposimama, anavyowapanga wazee bila kuwakwaza, anavyoomba "shikamoo bibi, sogea kidogo kwenye mwanga". Ni Jumamosi ya darasani bila ada.

Kwa wanaotaka kwenda darasani hata hivyo, ulizeni kulipia flashi peke yake. Mi walinikatalia, rafiki yangu aliyekwenda baada yangu alibembeleza wakamkubalia kwa laki na ishirini, kwa hiyo ni mdomo wako tu. Nendeni na kamera yenu, hata ya kuazima, na betri ijae toka nyumbani maana soketi ziko mbili na moja ni ya projekta.